Usiku Tuliojifunza Kusema "Tupo"

Kwa miezi mingi ya mwaka 2020, Sala ya Bwana katika kikundi chetu cha maombi haikuwahi kumalizika kwa pamoja hata usiku mmoja, ingawa kila mara tuliianza pamoja. Mtandao ulichelewesha sauti za baadhi yetu kwa sekunde moja au mbili, hivi kwamba mmoja alipokuwa akisema "ufalme wako uje", mwingine alikuwa angali kwenye "jina lako litukuzwe", na mama mmoja mzee, ambaye hakuwahi kujua namna ya kuzima kipaza sauti cha simu yake, alifika kwenye "amina" akiwa peke yake, sisi wengine tukiwa tumekwisha kunyamaza. Mwanzoni jambo hilo lilinisumbua, nami nilipendekeza kwamba mtu mmoja asali kwa niaba ya wote. Tulijaribu hivyo kwa siku mbili tu, tukagundua kwamba tumegeuka kuwa wasikilizaji. Siku ya tatu tukarudi kwenye sauti zetu zinazopishana, na tangu hapo nikawa ninaingoja ile amina ya mwisho ya mama yule kama mtu angojavyo mlango ufungwe ndipo alale.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba maambukizi ya UVIKO-19 yamefikia kiwango cha janga la dunia nzima, na kabla ya mwezi huo kwisha makanisa katika nchi nyingi yalikuwa yamefungwa. Ninaandika haya kwa sababu bado ninakutana na Wakristo wanaosema kwamba majira yale kanisa lilinyamaza. Mimi nilichokiona ni kwamba maombi ya pamoja yalivuliwa karibu kila kitu tulichozoea kukiita ibada, yaani kwaya, mimbari, kushikana mikono na hata kuonana nyuso, kisha yakabaki na jambo moja ambalo hatukuwa tumelitazama vizuri: kwamba Bwana alipowafundisha wanafunzi wake kusali aliwapa maneno ya wingi. Baba yetu, utupe, utusamehe, utuokoe. Mtu aliyefungiwa chumbani kwa sababu ya homa, akiisali sala hiyo peke yake saa nane za usiku, bado analazimika kusema "yetu", na kwa neno hilo moja anakuwa amewaingiza wenzake wote chumbani mwake.

Jambo hili si geni katika historia ya kanisa. Tauni ilipoupiga mji wa Milano mwaka 1576 na watu wakaamriwa kubaki majumbani, askofu mkuu wao, Carlo Borromeo, alisimamisha altare mahali njia zilipokutana ili waliofungiwa waweze kuifuata misa kutoka madirishani, na kengele zililia mara kadhaa kwa siku kuwaita watu kwenye sala, ambapo waliokuwa barabarani walianza na waliokuwa madirishani wakaitikia. Ninapowaza juu ya mitaa ile huwa najiuliza kama sauti nazo zilikuwa zikipishana, za ghorofa ya juu zikichelewa na za chini zikitangulia, na ninaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo inayo kurasa za kututahadharisha. Mwaka 590, Roma ilipokuwa katika tauni iliyokuwa imemuua Papa Pelagius II, Gregori, aliyekuwa amechaguliwa kushika nafasi yake lakini hajawekwa wakfu, aliwaita watu wote watoke kwa maandamano ya toba kutoka makanisa mbalimbali ya mji. Gregori mwingine, askofu wa Tours, ambaye shemasi wake alikuwapo Roma siku hizo, ameandika kwamba katika muda wa saa moja watu 80 walianguka na kufa wakiwa katika maandamano yale. Siwalaumu, kwa maana hawakujua tunayoyajua leo kuhusu njia za maambukizi. Lakini sisi tuliojua hatukuwa na udhuru wa kuwakusanya wazee wetu kwenye chumba kimoja kisicho na hewa na kuuita ujasiri huo imani. Martin Luther, aliyebaki Wittenberg mwaka 1527 kuwahudumia wagonjwa tauni ilipoingia mjini, alieleza msimamo wake kwa wachungaji waliomwuliza kama ni halali kukimbia: kwamba atamwomba Mungu ulinzi, kisha atafukiza nyumba, atatoa dawa na kuzitumia, atajiepusha na mahali ambapo hahitajiwi asije akawaambukiza wengine, lakini jirani yake akimhitaji ataenda. Sijaona maelezo bora kuliko hayo ya namna maombi na barakoa vinavyoweza kukaa katika mfuko mmoja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya tukio lililotuumiza. Katika wiki za kwanza tulipenda sana kusoma Zaburi ya 91, ile inayotaja "tauni ipitayo gizani" na "uele uharibuo adhuhuri", nasi tuliisoma kila usiku kama mtu anayepiga komeo mlangoni. Kisha mume wa dada mmoja wa kikundi chetu aliugua, akalazwa, na baada ya siku kumi na moja akafariki. Usiku uliofuata, mmoja wetu, kwa nia ambayo naamini haikuwa mbaya, aliomba kwa sauti kwamba Mungu atuongezee imani ili wengine tusije tukaangamia. Hakumtaja mtu. Hakuna aliyemsahihisha, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Dada yule alikuwa amejiunga usiku ule. Tuliliona jina lake kwenye orodha ya waliopo, kisha tukaliona likitoweka, na hakurudi.

Ilinichukua muda kutambua ni nani mwingine katika Maandiko aliyeitumia zaburi hiyo kwa namna ile. Katika sura ya nne ya Injili ya Mathayo, Shetani anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumnukulia Zaburi ya 91, akimtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua, na Yesu anamjibu kwamba imeandikwa tena, usimjaribu Bwana Mungu wako. Ahadi ya Mungu inaweza kusomwa kwa namna inayomgeuza aliyefiwa kuwa mshtakiwa, na sisi tulikuwa tumeisoma hivyo. Hatukuiacha zaburi ile, kwa kuwa ni neno la Mungu na ina faraja yake, lakini tuliacha kuitumia kama hati ya kinga, tukaanza kuisoma sambamba na zaburi za kilio ambazo, niseme kweli, wengi wetu hatukuwahi kuzisali kwa pamoja hadharani.

Tulianza na Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nakumbuka jinsi msomaji alivyosita baada ya swali hilo, kana kwamba anasubiri ruhusa ya kuendelea. Kisha tukaenda kwenye ya 130, ya mtu anayemngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, na baadaye tukathubutu kuisoma ya 88, ambayo haimaliziki kwa sifa wala kwa shukrani. Neno lake la mwisho ni giza. Kaka mmoja aliuliza kama tunaweza kweli kuishia hapo, au tuongeze mstari wa matumaini kutoka mahali pengine. Tulijadiliana kidogo, tukaamua kuishia hapo hapo, kwa hoja kwamba kama Roho Mtakatifu aliona vema kuiacha zaburi hiyo katika Biblia jinsi ilivyo, hatuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko yeye. Usiku ule watu wawili ambao hawakuwa wamefungua midomo yao kwa muda mrefu waliomba kwa sauti.

Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, Papa Fransisko alisimama katika Uwanja wa Mtakatifu Petro uliokuwa mtupu, mvua ikinyesha, akatafakari habari ya dhoruba katika sura ya nne ya Marko. Karibu naye uliwekwa msalaba wa kanisa la San Marcello ambao watu wa Roma waliuzungusha mjini wakati wa tauni ya mwaka 1522, na mvua ile ikaulowesha. Sisi katika kikundi tunatoka madhehebu mbalimbali na si wote waliomtazama, lakini somo lile lilitufikia, nasi tulilirudia kwa majuma kadhaa. Kilichonishika ni swali la wanafunzi wanapomwamsha Bwana: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Nilikuwa nimelihesabu daima kuwa swali la watu wasio na imani, kwa kuwa Yesu anawauliza kuhusu imani yao. Lakini angalieni mpangilio wa mambo: anaamka kwanza, anaukemea upepo kwanza, na baada ya utulivu kuwa mkuu ndipo anapowauliza. Ombi lao lilikuwa limejaa woga na lawama, nalo lilijibiwa kabla ya wao kurekebishwa. Tena hawasemi "ninaangamia". Hata katika hofu ile waliomba kwa wingi.

Kuhusu utaratibu wenyewe nitasema kwa kifupi. Tulikutana saa tatu usiku kwa nusu saa, tukaanza na zaburi, tukafuata na majina, kisha kimya, kisha Sala ya Bwana. Wale wasio na simu za intaneti walipigiwa simu ya kawaida na mmoja wetu mchana, wakaomba naye, na majina waliyoyatoa yakaletwa usiku. Majina yaliandikwa katika daftari lenye jalada la bluu ambalo lilitunzwa na mzee mmoja, aliyelisoma polepole, akipumua kati ya jina na jina, na ambaye kamwe hakukubali kusema "na wengineo".

Tulijifunza pia kuwauliza watu wanataka kuombewa nini, badala ya kuwachagulia. Miongoni mwetu alikuwamo muuguzi aliyefanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa UVIKO, nasi kwa majuma tulimwombea nguvu na ushujaa kwa maneno makubwa. Usiku mmoja alijiunga akiwa bado amevaa sare, uso ukiwa na alama za barakoa kwenye mashavu na juu ya pua, akasema kwa utaratibu: "Msiniombee ushujaa. Niombeeni usingizi." Tukamwombea usingizi. Sidhani kama nimewahi kusikia ombi fupi zaidi likiombwa na watu wengi kwa moyo mmoja namna ile. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, na mimi nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya faraja hiyo ni kumpa mtu nafasi ya kulitaja hitaji lake halisi bila kulivisha mavazi ya kiroho.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni kimya. Kanisani, watu wanaponyamaza unawasikia bado: benchi linalia, mtoto anakohoa, mtu anageuza ukurasa. Kwenye simu, kimya kinafanana kabisa na mtandao uliokatika, na kwa mtu anayeishi peke yake katika karantini, hali ile ya kutojua kama wenzake wangalipo au wameondoka ilikuwa inatisha kuliko kukaa bila maombi. Mama mzee niliyemtaja ndiye aliyetuponya, bila kukusudia. Baada ya dakika moja hivi ya ukimya aliuliza, "Jamani, mpo?" na mtu mmoja akajibu, "Tupo, mama." Kuanzia usiku ule ikawa sehemu ya sala yetu: tuliponyamaza, kila baada ya muda mmoja wetu, yeyote yule, alisema kwa sauti ya chini, "Tupo," kisha tukaendelea kunyamaza. Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Neno lile moja ndilo lililokuwa letu la kutamka; mengine yote tulimwachia yeye.

Dada aliyefiwa nilimwandikia mapema kuomba radhi, kwa ajili ya ombi lile na kwa ajili ya kimya changu, na aliyeomba vile naye alimpigia simu akaomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Alitupokea kwa upole lakini hakusema kama atarudi, nasi hatukumhimiza. Jina la mume wake lilibaki katika daftari na lilisomwa kila usiku, baada ya wagonjwa na kabla ya wauguzi.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Mzee alikuwa amemaliza kusoma majina, na lile la mumewe likiwamo, nasi tukawa tumenyamaza. Sikuwa nimetazama orodha ya waliojiunga. Ikapita kama dakika moja, na kabla ya yeyote kati yetu kusema neno letu la kawaida, tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Aprili, ikisema, "Nipo." Hakuna aliyeijibu mara moja. Kisha mama mzee, kipaza sauti chake kikiwa wazi kama siku zote, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," nasi tukaingia mmoja mmoja nyuma yake, kila mtu kwa kadiri mtandao ulivyomruhusu.