Korongo ametazama kulia: siku moja maishani mwangu kwenye meza ya koini

Saa 11:05 alfajiri

Simu inanitangulia kuamka. Kiwanda kiko China, kwao tayari ni saa nne asubuhi, wamekunywa chai wakamaliza, na mimi hapa Nairobi bado natafuta kandambili gizani. Wametuma picha ya sampuli. Naikuza kwa vidole viwili, narudi nyuma, naikuza tena.

Korongo wa Uganda ametazama kulia.

Kwa asiyejua kazi yangu: nachora koini. Si za kununulia sukari. Ni zile sarafu nzito ambazo wanajeshi, mabalozi na wakuu wa kozi hupeana kwa siri ndani ya kiganja wakati wa kusalimiana. Upande mmoja nembo, upande wa pili bendera, maneno mawili matatu na mwaka. Haina thamani dukani, lakini nimeona mtu mzima mwenye nyota begani akipekua gari zima kwa sababu ya moja iliyoanguka chini ya kiti.

Hii ya leo ni ya kozi ya pamoja ya maafisa kutoka nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vipande 300. Kipenyo milimita 45, unene 3. Kwenye bendera ya Uganda yule korongo hutazama upande wa mlingoti, yaani kushoto kwetu, mguu mmoja ameuinua. Sasa ameupa mlingoti kisogo. Nimepiga hesabu: nikichelewa kumjibu kijana wa kiwandani hadi saa saba mchana, kwake itakuwa saa kumi na mbili jioni, atakuwa amefunga kompyuta, na mimi nimepoteza siku nzima. Nikamwandikia neno moja: ngoja.

Saa 1:40 asubuhi

Matatu, msongamano, redio. Tupite.

Saa 2:15 asubuhi

Karakana yetu iko ghorofani, upande wa River Road, kati ya mtu wa mihuri ya ofisi na mtu wa vikombe vya mashindano. Tuko watatu. Mimi nachora. Kijana wa mazoezi anapiga simu na kufuata mizigo uwanja wa ndege. Mzee anachonga kwa mkono, na ndiye pekee anayeweza kuitwa fundi bila kuona haya. Kukata kalibu za chuma na kugonga koini mia tatu kwa mashine si kazi ya chumba hiki, ndiyo maana tunaagiza nje. Mzee haipendi hali hiyo, na kila sampuli ikija anaipima kwa kucha kabla ya kuniuliza bei.

Nimewawekea picha mezani. Kijana akaona korongo. Mzee akanyamaza, akasogeza miwani, akasema, "Mwanangu, na Tanzania je?"

Kweli. Ule mshazari mweusi wenye kingo za njano, unaopaswa kupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, umepinduka. Kijani kimehamia upande ambao si wake. Nikatazama Sudan Kusini: pembetatu ya buluu yenye nyota imekaa kulia badala ya mlingotini. Hapo nikaelewa. Bendera zimepangwa duara, nne kulia, nne kushoto. Mchoraji wa kule aliona itapendeza zikitazamana, akazigeuza nne za kushoto kama kwenye kioo. Kwake ni mapambo. Kwetu ni barua tatu za malalamiko.

Tukaanza mchezo wa kipuuzi wa kutafuta ni nani angesalimika. Katika zile nne zilizogeuzwa, Somalia peke yake ndiyo imetoka salama, maana nyota nyeupe katikati ya buluu haijui kulia wala kushoto. Kenya na Burundi nazo zingesalimika. Rwanda isingesalimika kwa sababu ya jua lake la pembeni, na Kongo nayo ina nyota yake juu kushoto. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sikuwahi kuzitazama bendera za majirani kwa jicho hilo.

Saa 3:30 asubuhi

Nimekaa na faili. Hapa nieleze kidogo kuhusu duara, kwa sababu lilinigharimu wiki mbili kabla hata ya korongo.

Ukiwa na bendera nane, swali la kwanza la mteja huwa nani atakaa juu. Ukisema tufuate alfabeti, wanakuuliza ya lugha gani. Kwa Kiingereza Kongo inaweza kuingia kwenye C au kwenye D, kutegemea unaanza na jina lipi; kwa Kifaransa itaangukia R, kwa neno jamhuri. Tanzania ikiandikwa kwa jina lake kamili la Kiingereza inateleza hadi nyuma ya Uganda. Tukisema tufuate mwaka wa kujiunga, waanzilishi watatu wanatangulia na Somalia iliyoingia 2024 inafunga mkia, na wapo wasiopenda kukumbushwa nani aliingia lini.

Nikasema basi tuweke duara, duara halina mkubwa. Mteja, ambaye ni Meja na ni mwanamke mwenye jicho kali kuliko langu, akanijibu: "Fundi, duara lina saa kumi na mbili." Alimaanisha kule juu kabisa, ilipo namba 12 kwenye uso wa saa. Alikuwa sahihi. Zilipokuwa nchi saba ungekuwa mtihani mkubwa zaidi, maana saba ukizigawa sawasawa, lazima mmoja akae juu peke yake au chini peke yake. Nane zina dawa. Nilizungusha mpangilio wote nyuzi 22 na nusu, kilele cha koini kikaangukia kwenye nafasi tupu kati ya bendera mbili, na chini vilevile. Pale juu hakuna mtu. Meja alicheka, akasaini.

Sasa nazirudisha zile nne za kushoto zilivyokuwa. Urefu wa kila bendera ni milimita 9. Korongo mwenyewe hafiki hata 3, na kalibu haishiki vizuri mstari mwembamba kuliko sehemu ya tano ya milimita, kwa hiyo mguu ulioinuliwa ni nukta tu. Lakini ni nukta iliyo upande wake. Nimeandika maelezo kwa mishale myekundu, nikaweka picha ya bendera halisi kando ya kila moja, na sentensi moja kwa herufi kubwa: MSIREMBE CHOCHOTE.

Saa 5:10 asubuhi

Meja amepiga simu. Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu ukimficha mwanajeshi jambo dogo atakuja kulikuta kubwa.

"Afande, sampuli ina makosa ya bendera tatu. Nimeshayatuma yarekebishwe."

"Umeyaona wewe au wao?"

"Sisi. Kwa hakika, Mzee."

"Msalimie Mzee." Kisha akaingiza lake: kamati inataka tarehe kamili ya kufunga kozi, siku na mwezi, na pale katikati inataka mikono miwili iliyoshikana.

Kuhusu tarehe nikamkumbusha ya 2018. Ikulu ya Marekani ilitoa koini ya mkutano wa Trump na Kim Jong Un, nyuso mbili zikitazamana, bendera nyuma yao. Siku chache baadaye, tarehe 24 Mei, mkutano ukafutwa na watu wakabaki kuicheka koini. Ni kweli mkutano ulifufuka na kufanyika Singapore tarehe 12 Juni, lakini zile siku za katikati mchoraji wake sijui alilalaje. Afande, tuandike mwaka tu. Akakubali.

Mikono iliyoshikana nikaikataa, na hapa huwa nakuwa mkaidi. Kila mteja anaitaka. Marekani, enzi za Rais Jefferson, walikuwa wakiwapa machifu wa makabila asilia medali kubwa za fedha: uso wa rais mbele, nyuma mikono miwili imeshikana na maneno ya amani na urafiki. Ardhi ya wale machifu ilichukuliwa hivyo hivyo, medali zikiwa shingoni. Tangu nilipojifunza hilo siwezi kuichora ile mikono nikatulia. Halafu koini yenyewe itapita mkono kwa mkono. Kuchora tena mikono juu yake ni kama kuandika neno "kikombe" kwenye kikombe.

Meja akasema ataipeleka hoja kamatini. Kwa sauti yake, nadhani mikono itarudi.

Saa 7:00 mchana

Kiwandani wamejibu: wameelewa, sampuli mpya kesho alfajiri. Nimeshuka kibandani, madondo na chapati mbili. Kijana akaniuliza kama koini ni mambo ya Wazungu tu.

Kuna hadithi wanayoipenda Wamarekani, ya rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyeponea chupuchupu kuuawa na Wafaransa kama jasusi, kwa sababu ya medali ya kikosi chake aliyoivaa shingoni. Ni tamu, na haina ushahidi wa kushika. Nikamwambia mimi najivunia za Kilwa. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu za shaba karne nyingi zilizopita, na maandishi ya upande mmoja yaliingia vina na ya upande wa pili, kama mshororo wa shairi uliokatwa ukawekwa mgongoni mwa mwenzake. Mwaka 1944 askari wa rada wa Australia aliokota tano kwenye fukwe za visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Zilifikaje huko, kila mtu ana lake la kusema.

Mimi ni mtu wa Mombasa, vina haviniachi. Kwenye rasimu ya kwanza ya koini hii niliandika mbele "Mpaka ni mstari" na nyuma "Udugu ni safari". Kamati iliyaondoa yote mawili ikaweka maneno ya Kiingereza yenye "partnership" na "excellence", ambayo unaweza kuyabandika hata kwenye mfuko wa saruji. Bado yananiuma, nakiri.

Saa 9:20 alasiri

Ankara, risiti, mtu wa kodi ya pango. Nimebishana na mteja mwingine kuhusu rangi. Yeye anataka ile inayosuguliwa hadi iwe sawa na chuma, laini kama kigae. Mimi nasukuma ile inayozama chini ya kingo, kwa sababu koini haionwi kwanza, inaguswa kwanza. Kiganja kikifumba, kidole gumba kinapaswa kusoma kitu. Ameshinda yeye, ndiye mwenye pesa.

Saa 10:45 jioni

Ameingia mzee mmoja mrefu, koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Amemwamkia Mzee wetu kwa adabu, kisha akafungua leso. Ndani mna sarafu moja, imelika hadi maandishi yanaonekana kwa shida. Nikaichukua nikidhani ni koini ya kikosi. Sivyo. Ni sarafu ya kawaida ya Zambia, ya ngwee, ambayo hata kwao hainunui kitu siku nyingi.

Alikuwa sajini katika kikosi cha Kenya cha Umoja wa Mataifa kule Sierra Leone. Mei 2000 waasi wa RUF waliwazingira katika mji wa Makeni. Wazambia walitumwa kuja kuwaongezea nguvu, wakanaswa njiani, mamia yao wakatekwa. "Walikuja kwa ajili yetu," akasema, "wakachukuliwa wao." Walipoachiwa, alikutana na mmoja wao. Hawakuwa na koini, hawakuwa na nembo. Yule Mzambia alitoa mfukoni alichokuwa nacho, akakiweka kiganjani akamshika mkono. Yeye akampa shilingi ya Kenya.

Alitaka tuichonge "Makeni 2000". Mzee akaigeuza chini ya taa muda mrefu.

"Hapana pahala, ndugu yangu. Nikiigusa kwa tindo nitafuta kilichobaki."

"Na tundu, niivae kwenye ufunguo?"

"Tundu nalo litakula ile nembo."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeshachukua karatasi nachora bila kuambiwa: pete nyembamba ya shaba nyeupe, inayoikumbatia sarafu ukingoni bila kuifunika, yenye kikono cha kupitisha ufunguo. Maneno yaende kwenye pete, si kwenye sarafu. Mzee akaangalia mchoro, akapunguza unene kwa penseli yake, akawasha taa ya kulehemu.

Saa 12:30 jioni

Kijana ameshaondoka. Matatu za kwetu sasa hivi zimepandisha nauli, kwa hiyo sina haraka. Sajini amekaa kwenye kigoda, koti magotini, anamtazama Mzee akikunja waya kwenye jiriwa, akichoma, akizamisha majini, akipiga tupa. Herufi za "Makeni" amezichonga bila kuziandika kwanza. Hakuna mchoro uliotumwa popote, hakuna aliyeidhinisha.

Mzee akaipangusa kwa kitambaa akampa. Sajini hakuitazama kwanza. Aliilaza kiganjani, akasimama, akamnyooshea Mzee mkono, wakashikana, na sarafu ikabaki katikati yao. Akakaza kidogo.

"Inachoma huku chini," akasema, "karibu na kidole gumba."

Mzee akaichukua, akarudi kwenye jiriwa, akaokota tupa ndogo zaidi.