Chupa zimeokotwa, wadudu je?

Jumamosi iliyopita niliamka mapema na rafiki yangu mmoja, yeye ndio alisomea viumbe vya majini, tukapanda matatu hadi Kikuyu tukashuka pale chini ya kinamasi cha Ondiri, kule Mto Nairobi unapoanzia. Tulibeba beseni jeupe, gambuti na chujio la chai (la mama, naomba asisome hapa). Unainua jiwe, unalisuuza kwa beseni, unangoja. Hata hatukukaa sana, tukaona kaa mdogo, watoto wa kereng'ende na kadudu kembamba kenye mikia mitatu kama nyuzi, na jamaa akaruka kama ameokota elfu. Kadudu hako kana matamvua kando ya tumbo, oksijeni ikipungua tu majini kanakufa.

Njia yenyewe ya kupima afya ya mto kwa wadudu inaitwa miniSASS, ilianzia Afrika Kusini. Makundi ya wadudu ni 13 na kila moja lina alama zake, minyoo 2, kaa 6, hao wa mikia mitatu kuna wanaopata mpaka 11, halafu unatafuta wastani, ukiwa juu mto ni mzima. Hata mtoto wa darasa la sita anaweza.

Mchana tukashuka Gikomba. Watoto wakatuuliza kama tunatafuta dhahabu. Sitaki kudanganya, ukingo ulikuwa safi kuliko nilivyouzoea, vijana wameokota chupa na kupanda miti, na kazi hiyo siidharau. Lakini beseni lilijaa funza wekundu tu, wale wenye himoglobini mwilini wanaoweza kuishi hata pale hewa imekaribia kuisha. Chupa zilitoka, choo kikabaki mtoni.

Sasa hapa ndio mi huwa nakasirika. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema maji machafu yakimwagwa mtoni, uhitaji wake wa oksijeni, yaani ile inayoliwa uchafu ukioza, usizidi miligramu 30 kwa lita. Sawa, ni kipimo kizuri, lakini unapima maji ya saa hiyo ulipochota, na mwenye bomba la kumwaga uchafu si mjinga, anafungulia usiku au mvua ikinyesha, wewe ukifika saa nne asubuhi na kachupa kako unakuta maji ya kawaida kabisa. Mdudu naye alikuwa hapo usiku kucha, hata wiki zilizopita. Hesabu wadudu hatua chache juu ya bomba, kisha chini yake, kama juu kuna wa mikia mitatu na chini kuna funza peke yao, hapo hata wakili atababaika.

Mradi wa kufufua mto uliozinduliwa Machi 2025 ni wa kilomita 27 hivi, na mabomba ya majitaka yamo, hiyo ndio sehemu naiombea mema. Tatizo mtaani tunabishana mita tu, ati ukingo usiojengwa ni mita 6 au 30, nani avunjiwe nyumba. Mi ningetaka kila kipande kihesabiwe wadudu kabla tingatinga haijaingia, kihesabiwe tena baada ya mwaka, na alama zibandikwe kwa daraja watu wasome.

Jumamosi ijayo tunaenda Kariobangi. Beseni tunalo, gambuti moja imetoboka, mwenye namba tisa aniambie.