Bomba la kujazia petroli likioza, usikubali lichomelewe

Ukijaza tenki gari likanuka petroli, kisha harufu ikapotea yenyewe mafuta yakishapungua, usikimbilie kufungua pampu wala kubadilisha mipira ya injini. Chungulia kwanza nyuma ya tairi la nyuma, upande wenye mfuniko wa tenki. Hapo linapita bomba la kujazia, kutoka mdomoni kunakochomekwa mkono wa pampu ya sheli mpaka kwenye tenki. Sehemu kubwa ya bomba hilo iko juu zaidi ya tenki, kwa hiyo mafuta yakiwa nusu halidondoshi hata tone, hata kama limeoza. Linavuja unapojaza, au ukipanda mlima na kukata kona tenki likiwa limejaa. Ndiyo maana watu wanaishi na tatizo hili muda mrefu wakiamini gari kuukuu lazima linuke.

Mimi nisingeweza kuishi nalo. Ninapika chakula cha mchana nyumbani Kigamboni na kukisambaza maofisini Posta, hotipoti zikiwa zimepangwa nyuma ya gari. Pilau haiwezi kusafiri na harufu ya petroli. Na mafuta yenyewe ndiyo haya ambayo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, itangaze bei roho zikiwa juu. Kuyamwaga chini mchangani ni kumwaga faida ya sahani za watu.

Fundi wa kwanza alivuta plastiki ya ndani ya madigadi, akamulika, akasema, "Mama, kazi ndogo hii. Tunapiga kiraka cha kuchomelea, unaondoka." Nikamuuliza, na tenki? "Tunayatoa mafuta yote, halina neno." Nilimshukuru, nikaondoka na gari langu.

Nataka hili lieleweke vizuri, maana nimeshasikia wengi wakilisema kwa kujiamini. Tenki lililotolewa mafuta ni hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka si petroli iliyo majimaji, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na tenki "tupu" limejaa mchanganyiko huohuo. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto letu la nyuzi 32. Mvuke huo ni mzito mara tatu mpaka nne kuliko hewa, kwa hiyo haupai. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unafika kwenye jiko la mkaa la jirani ambaye hata hajui kama unatengeneza gari. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuliheshimu jambo hili. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, likalipuka watu wakichota petroli, na tukazika zaidi ya watu 100. Kwa hiyo kwenye kazi hii hakuna moto, hakuna kuchomelea, hakuna grainda. Kila kitu kinafanyika kwa mkono.

Kwanza nieleze kwa nini linaoza, kwa sababu ukijua hapo utajua pa kutazama. Tairi linarusha mchanga na matope juu, mengine yanapenya na kukaa kati ya plastiki ya madigadi na bomba. Pale hayakauki. Huku kwetu mchanga una chumvi, upepo una chumvi, na masika yakiingia barabara zinageuka madimbwi kuanzia Machi mpaka Mei. Halafu magari yetu mengi yamekuja yakiwa yameshatumika Japani, ambako sehemu zenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu nyingine imepanda meli pamoja na gari. La kwangu ni la mwaka 2003. Lilipofunguliwa, bomba zima lilikuwa zima isipokuwa pale kibati cha kulishikilia kwenye bodi kilipounganishwa nalo. Hapo matope yalikuwa yamejibanza nyuma ya kibati yakawa tope gumu jeusi lenye unyevu, na chini yake chuma kilibanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Nilipogusa kwa ncha ya bisibisi, ikazama. Kando yake kulikuwa na vitundu viwili vidogo sana, vimezungukwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Ukiona doa la namna hiyo kwenye bomba, vumbi limeganda na linanuka, umeshapata unachotafuta.

Wakati natafuta vifaa, nilitumia sabuni ya mche. Hii ni mbinu ya madereva wa zamani na inafanya kazi kweli: unakausha palipotoboka, unasugua sabuni kavu mpaka ijae kwenye tundu. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo inazuia vizuri mpaka mvua inyeshe. Ni ya kukufikisha nyumbani, si matengenezo, na hata hapo usijaze tenki zaidi ya nusu.

Ilala nilipewa bei ya bomba la mtumba, shilingi 120,000. Nikamulika ndani kwa tochi, nikaona wekundu uleule wa kwangu. Ukibahatika kupata safi, nunua, ndiyo njia bora kuliko zote. Mimi nilipolikosa nilichagua kukata sehemu iliyooza na kuunga kwa mpira.

Subiri mafuta yabaki kidogo. Fanyia kazi nje, mchana, gari likiwa limepoa, mbali na jiko, sigara na pasi ya mkaa. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, si ndani ya buti. Chomoa waya hasi wa betri. Fungua mfuniko wa tenki upumue. Zuia matairi, piga jeki, weka stendi. Mawe na matofali hayaaminiki. Mdogo wangu ndiye aliyenisaidia kutoa tairi na ile plastiki, ambayo imeshikwa na vibanio vya plastiki na skrubu chache za spana namba 10. Vibanio vikikatika usihuzunike, Kariakoo vipo vya bei ndogo.

Bomba limeshikwa juu kwa skrubu zinazozunguka mdomo, katikati kwa kile kibati, na chini limeingia kwenye mpira mnene unaokwenda kwenye tenki. Pembeni yake kuna kijibomba chembamba cha kupumulia, nacho kina mpira wake. Mpira wa zamani huwa umeng'ang'ania. Usiuchokonoe kwa bisibisi, utaupasua. Mwagia maji ya moto yaliyochemshiwa mbali, kisha uzungushe kwa mkono huku na huku mpaka uachie. Mara bomba likitoka, ziba mdomo wa tenki kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba, juu yake kitambaa.

Bomba lilipotoka nililiosha kwa maji mengi na sabuni ya unga, ndani na nje, nikaliacha kwenye upepo na jua mpaka nikiweka pua mdomoni mwake sisikii chochote. Hapo ndipo brashi ya waya inaruhusiwa kuligusa. Nikalisugua, nikaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi kulisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Nikaweka alama kwa chaki pande zote mbili, ndani ya chuma kizima, nikakata kwa msumeno wa chuma wa mkono. Kingo nilizilainisha kwa tupa, ndani pia, kwa sababu kijiwembe cha chuma kitaula mpira, na unga wa chuma utakwenda kwenye tenki. Kile kijibomba cha kupumulia kilikuwa kimeanza kuliwa sehemu ileile, nacho nikakikata na kukiunga vilevile. Usikidharau. Kikiziba au kikipindwa, hewa ya tenki haina pa kutokea na pampu ya sheli itakuwa inakata kila baada ya lita mbili.

Sasa mpira. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, maana dukani utapewa mpira wa rejeta, kwa kuwa unene unafanana na bei ni rahisi. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa ajili ya maji ya moto. Petroli inaufanya uvimbe, ulegee, mwisho upasuke. Omba mpira wa petroli, wenye maandishi ubavuni yanayosema ni wa mafuta, na uende na kipande cha bomba ulichokata ili upime palepale kaunta. Uingie kwa kubana. Kila upande uvae bomba si chini ya sentimita 4, na kila upande ukazwe kwa klipu mbili, za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma ulichokata kwa msumeno hakina ule ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usiteleze. Mpira ukae umenyooka. Ukining'inia katikati, petroli itatuama hapo.

Na msibadilishe bomba zima kuwa mpira mtupu. Petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli unaoweza kutoa cheche, na chuma cha mdomoni kinaupeleka kwenye bodi ya gari kupitia zile skrubu za juu. Nilisugua mahali skrubu zinapokaa mpaka chuma kikang'aa, bila rangi katikati.

Kama una kitundu kimoja tu na chuma kinachokizunguka ni kizima, huhitaji kukata. Gundi ya chuma ya kuchanganya yenye maelezo kwamba inahimili petroli inatosha, mradi usugue kwa msasa mpaka chuma cheupe, ufute kwa thina, uzungushie kitambaa cha faiba na uache ikauke kwa saa 24. Lakini haishiki juu ya kutu wala juu ya unyevu wa petroli, kwa hiyo bomba lazima litolewe na kuoshwa vilevile.

Chuma kilichobaki nilikipaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili. Nilishauriwa kupaka na lami ya chini ya gari, nikakataa. Lami inaficha, na kutu ikianzia chini yake hutaiona mpaka unuse tena.

Kabla ya kurudisha plastiki, mimina lita tano kwa dumu na uzungushie gazeti kavu kwenye maungio. Gazeti likibaki kavu, nenda sheli ujaze, utoke pale, uegeshe sehemu tambarare na uangalie tena kwa tochi ya betri. Langu lilikuwa kavu. Gharama yote, mpira ukiwa ndio uliokula nyingi, haikufika shilingi 50,000.

Mpira mpya hukaa ukajibana, hivyo klipu zikazwe tena baada ya wiki moja hivi. Na kila nikipita barabara yenye maji au nikitoka ufukweni, napuliza maji baridi yasiyo na chumvi nyuma ya ile plastiki, hasa pale kwenye kibati, mpaka yatoke meupe.