Siku moja na nukta moja

Saa 1:30 asubuhi. Bado niko kwenye daladala, ujumbe unaingia kutoka kwa mwenzangu wa zamu ya usiku: "Dada, seva zinakataa toleo jipya, 2.4.1. Zinadai zilichonacho ni kipya zaidi." Roho ikanishtuka. Kifurushi hicho cha programu nilikifunga mimi.

Saa 2:15. Kazi yangu ni kufungasha programu huria kwa ajili ya seva zetu za Debian, mfumo endeshi huria. Kwenye namba ya kifurushi, kabla ya kistari ni toleo la watungaji. Baada yake ni letu. 2.4-1 ni 2.4 iliyofungashwa mara ya kwanza. Nikisahihisha ufungashaji wangu, inakuwa 2.4-2.

Mwaka jana nilitoa kwenye 2.4 faili zenye leseni isiyo huru. Ukipunguza kazi ya watu, lazima namba iseme. Debian huweka herufi dfsg, kifupi cha miongozo yake ya programu huria ya mwaka 1997. Mimi niliandika 2.4.dfsg-1. Kwa nukta!

Saa 4:00. Nalinganisha matoleo kwa dpkg, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, kwa amri dpkg --compare-versions. Kweli, 2.4.dfsg inaishinda 2.4.1. Dpkg husoma vipande: visivyo tarakimu kwanza, kisha tarakimu. Kipande ".dfsg" kinapokutana na "." tupu, chenye herufi ndicho kikubwa, ile 1 ya mwisho haifikiwi kabisa. Ningeandika 2.4+dfsg, mambo yangekwenda sawa, maana alama ya kujumlisha hutangulia nukta.

Saa 6:00 mchana. Ubishi mkali. Kijana wetu mmoja anataka epoki, yaani namba inayowekwa mbele ya toleo ikifuatwa na nukta mbili, kama 1:2.4.1-1, tumalize kabla ya chakula. Nimekataa. Epoki hushinda kila kitu, lakini ukishaiweka haitoki. Watakaotupokea kazi hii wataibeba miaka yote kwa sababu ya nukta yangu. Nimechagua 2.4.dfsg+really2.4.1-1, yaani "kwa kweli ni 2.4.1". Ndefu, inaumiza macho, ila inasema ukweli, na 2.5 ikitoka itaipita yenyewe. (Faili zile watungaji wameshaziondoa katika 2.4.1, kwa hiyo hakuna cha kutoa tena.)

Saa 9:00. Jaribio kwenye seva moja. Imepokea. Nimejaribu pia 2.5~rc1, namba ya toleo la majaribio la kabla ya 2.5: kiwimbi (~) kinaiweka chini ya 2.5, inavyotakiwa.

Saa 11:00 jioni. Seva zote ziko sawa. Nimeandika sababu yote kwenye debian/changelog, faili ya kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi, kisha nikatafuta ".dfsg" katika hazina yetu nzima. Vimetokea vifurushi vitatu vingine. Kimojawapo watungaji wake wanatoa toleo jipya wiki hii, kwa hiyo kesho naanza na hicho.