Gawai kwa Waiban: nyumba moja, milango mingi

Kutoka Kuching, mji mkuu wa jimbo la Sarawak nchini Malaysia, hadi gati la Batang Ai ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Hapo tulipanda mtumbwi mrefu wa mashine tukaukwea mto katikati ya misitu. Ulikuwa mkesha wa Gawai Dayak, sikukuu ya kushukuru mavuno ambayo Sarawak huiadhimisha kila tarehe 1 Juni, na mitumbwi yote ilijaa watu wanaorudi kwao kutoka mijini.

Asije mtu akadhani nyumba ndefu ya Waiban, mojawapo ya makabila ya Sarawak, ni watu wengi wa chungu kimoja. Kila familia ina bilik yake, yaani makazi yenye mlango na jiko lake. Ina shamba lake la mpunga, na hata mbegu yake takatifu, padi pun, inayorithiwa kizazi hadi kizazi. Mpunga wa jirani ni wa jirani. Lakini mbele ya milango yote upo ruai, ukumbi mmoja unaokwenda kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho wake. Chakula kikishavuka kizingiti kikatua ruai, hakina mwenyewe tena. Hili lilinigusa kuliko mavazi na ngoma zote.

Mimi ni Mwislamu, na nilimweleza mapema tuai rumah, mkuu wa nyumba. Hakuuliza swali. Alinipa kisu na kuku nichinje mwenyewe, kisha akanipeleka kwa kina mama waliokuwa wakipika pansuh. Vipande vya kuku hutiwa ndani ya mwanzi mbichi pamoja na tangawizi, mchaichai, chumvi na maji kidogo. Mdomo huzibwa kwa majani ya muhogo, na mwanzi ukaegemezwa motoni, ukigeuzwageuzwa. Mtu wa Tanga kama mimi nilikishangilia kile kisamvu kilichokolea mchuzi kabla hata ya nyama!

Jioni wazee walifanya miring: sahani za wali, mayai na bisi za mpunga zilipangwa kwa ajili ya mizimu na miungu, jogoo akapungwa juu yake. Baada ya hapo mikeka ikatandikwa ruai nzima, na kila mlango ukatoa ulichonacho: samaki wa mtoni, machipukizi ya jimbi, nguruwe pori, na tuak, pombe yao ya mchele.

Waiban husema anayekaribishwa chakula akaondoka bila hata kukigusa hujiletea puni, msiba wa ghafla kama kuumwa na nyoka au kuzama mtoni. Kwa hiyo asiyeweza kula hugusa tu. Sahani ya nguruwe iliponifikia niligusa ukingo wake, na mama aliyeileta akaridhika kabisa. Naiona hii ni adabu ya hali ya juu, kwani mgeni habanwi katika dini yake na mwenyeji havunjiwi heshima.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kutembeleana mlango kwa mlango, na hakuna mlango unaorukwa. Bilik ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja mwenye wajukuu. Sahani zake zilikuwa chache. Tuai rumah alikaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kote, akaomba aongezewe wali mara mbili.