Siku yangu kaunta ya ndege za Pemba

Saa 11 na nusu alfajiri. Nishaswali, nimepanda daladala ya 505. Barabara nyeupe, kabla ya jua kutoka nipo Kiembe Samaki, uwanja wa ndege wa Unguja, mzani nishauwasha.

Saa 12 na nusu. Abiria wa Pemba wanaingia. Ndege ni Caravan, injini moja, viti kama 12, kwa hiyo tunapima mizigo na watu pia. Bi mkubwa mmoja wa Mkwajuni anakwenda Wete kumtazama mjukuu, kachukua mfuko wa unga na boksi la boflo, yaani mkate. Mzani unasoma kilo 19; ruhusa ni 15.

"Mwanangu, kilo nne tu hizo!"

Namueleza kwamba kwenye ndege ndogo uzito unapangwa, wa mbele na wa nyuma, na rubani anaisubiri hesabu yake kabla hajawasha injini. Mwisho unga amerudi nao mwanawe, ataupeleka bandarini Malindi uende kwa boti. Boflo limepita.

Saa 1 na nusu ndege imeruka. Kutoka hapa mpaka uwanja wa Pemba ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, na Caravan inakimbia kama kilomita 300 kwa saa. Ukiweka kupanda na kutua, ni nusu saa. Kusi, upepo wa kusini, likivuma linaisukuma kwa nyuma. Kaskazi, wa kaskazini, linaipiga usoni, na dakika chache zinaongezeka. Manahodha wa majahazi wameijua hesabu hiyo tangu zamani.

Lakini mtazame yule bibi. Katoka Mkwajuni giza bado, kashuka kusini mpaka kwetu, kisha ndege inamrudisha kaskazini. Akitua, uwanja uko upande wa Chake, Wete bado kama kilomita 30 kwa gari. Nusu saa ya angani ndiyo kipande kifupi kabisa cha safari yake. Hili nalisema kwa kila anayeniuliza, maana wengi hupanga siku nzima kwa hiyo nusu saa.

Saa 5. Simu ya bwana mmoja kutoka Mkoani, Pemba. Mkewe ana miadi Muhimbili kesho saa 3 asubuhi, anataka ndege ya alfajiri.

"Kaka, njooni leo," nikamwambia. Pemba mpaka Unguja, kisha Unguja mpaka Dar kilomita 70 na kitu, dakika 20. Angani haifiki hata saa moja. Ila kuna vile vilima vya Mkoani mpaka uwanjani, kuna kusubiri hapa kati, na kuna foleni ya Dar asubuhi. Mvua ikifunga Pemba, miadi imekwenda. Kwa mgonjwa sikubali kubahatisha.

Mchana ni wageni wa Dar na Arusha, mabegi juu ya mabegi.

Saa 10 alasiri yule bwana wa Mkoani na mkewe wameshuka, mke kamshika mumewe mkono, bahasha ya eksirei kwapani. Nimewapa viti vya nyuma, karibu na mlango, na saa 11 wameondoka. Ndugu yao atawapokea Dar, watalala kwake Upanga, jirani na hospitali.