Saa zangu nne ziliisha kabla ya keki

Harusi ya kwanza niliyolipwa kupiga picha nilitaja shilingi 250,000. Namba hiyo haikutokana na hesabu yoyote. Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu akaniuliza, "Kijana, picha za mnato unafanyaje?" Nikaona kimya kinarefuka, nikatamka ya kwanza iliyonijia mdomoni. Akajibu "Sawa" haraka mno. Aliyewahi kuuza chochote Dar anajua maana ya mteja kukubali bila kuomba apunguziwe hata buku.

Kazi ilianza saa nne asubuhi saluni Sinza, bibi harusi akipambwa, ikaishia ukumbini Ubungo saa sita usiku, wahudumu wakikunja viti. Baada ya hapo nikakesha siku nne nikichagua na kuhariri. Wiki iliyofuata nikachukua kalamu. Albamu na kusafisha picha Kariakoo, 75,000. Usafiri, pamoja na teksi ya usiku kwa sababu huwezi kupanda bodaboda saa saba na begi la kamera mgongoni, 28,000. Kijana wa kunishikia taa, 30,000. Bando la kutuma picha, 10,000.

Nikaona bado nina faida. Kisha nikaikumbuka kamera yenyewe.

Nilinunua Nikon D750 iliyotumika kwa 1,800,000. Kiwandani shuta ya kamera hiyo, yaani kile kipande kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha, imepimwa kwa mibonyezo 150,000, na yangu nilipoipokea ilikuwa imeshabonyezwa kama 90,000. Harusi moja huwa naondoka na picha 1,500 hivi. Maana yake nilikuwa nimenunua harusi 40, basi, na kila moja inakula 45,000 ya kamera kabla sijatoka nyumbani. Inaweza kupita hapo, inaweza kufa mapema, lakini siku ikifa haitauliza kama nimeweka akiba. Nilipoitoa hiyo 45,000 nikabaki na 62,000. Saa 14 za kusimama na saa 17 za kompyuta. Shilingi 2,000 kwa saa, na viatu vimeisha soli.

Nikaanza kuuliza wenzangu. Mmoja anafanya kwa 150,000, mwingine hashiki kamera chini ya milioni mbili, na wote wawili wanasema wanabanwa. Bei ya mtu bila kujua anatoa nini na anabaki na nini haikusaidii kitu. Wa tatu akanishauri nitaje kubwa halafu niseme maelewano yapo. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote niliopewa, kwa sababu ukishasema maelewano yapo, kamati nzima inageuka wapatanishi.

Basi nikaingia YouTube. Wapiga picha wa Marekani wanafundisha kuchaji kwa saa, na kwenye video ilionekana jambo la maana sana. Nikajipangia 50,000 kwa saa. Mteja wa kwanza wa utaratibu huo, sendofu moja Kimara, akachukua saa nne. Kadi iliandika saa kumi na mbili kamili jioni. Mimi na utaratibu wangu mpya tukafika kumi na mbili kamili. Aliyekuwepo ni fundi wa muziki, anajaribu maiki. Bi harusi mtarajiwa aliingia saa tatu kasoro. Saa nne usiku zikagonga, saa zangu nne zimeisha, keki iko mezani na kisu kina utepe. Nikamfuata dada wa kamati, nikamweleza kwa adabu kuhusu muda. Akaniangalia kuanzia viatuni. "Mdogo wangu, kwa hiyo tukate keki apige nani?" Nikabaki mpaka saa sita na nusu. Saa mbili na nusu za bure, na sahani ya pilau.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba sherehe zetu hazina saa, zina vituo. Maharusi wakichelewa, wanachelewa na kila kitu, lakini vituo havibadiliki: saluni au nyumbani, kanisani au msikitini, picha za bustani au ufukweni, halafu ukumbini. Nikaandika karatasi moja yenye bei ya kila kituo. Saluni 100,000, ibada au ndoa 150,000, bustani 100,000, ukumbini 250,000. Jumla 600,000. Albamu inalipiwa peke yake, maana bei ya labo siipangi mimi.

Namba hizo hazikutoka hewani. Nilianza na matumizi ya kila kituo, nikajiwekea 7,000 kwa kila saa ninayoamini itatumika, kusubiri kukiwemo, halafu nikaongeza fungu la miezi iliyokufa. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu, na kwa wiki kama sita hivi simu yangu iliita kwa ajili ya vifurushi vya mtandao pekee. Kodi ya chumba haifungi Kwaresima.

Karatasi hiyo ilibadilisha maongezi na kamati. Ukifika kikaoni bajeti huwa imeshagawanywa: ukumbi, chakula, mapambo, MC, na chini kabisa, karibu na "dharura", wameandika picha 400,000. Zamani ningeipokea hiyo 400,000 na kufanya kila kitu huku nimenuna. Sasa naisukuma karatasi mezani, "Mwenyekiti, 400,000 inatosha ibada na ukumbini. Saluni na bustani tuache?" Hapo bibi harusi, ambaye alikuwa kimya kikao kizima, anafungua mdomo. Mara nyingi hela hupatikana kwenye fungu la mapambo. Isipopatikana pia sawa, nafanya vituo viwili na kulala mapema.

Ndugu ndio walionitoa jasho. Mama mkubwa alipomuozesha binti yake aliniambia mbele ya watu, "Mwanangu, wewe hatukuandikii kadi ya mchango. Picha ndio mchango wako." Ukoo wote ukaitikia. Wajomba walikuwa wametoa 100,000, wengine 50,000, na mimi nikapangiwa 600,000 kwa maneno matamu. Nililala nalo hilo usiku mbili. Asubuhi ya tatu nikamtumia mweka hazina 100,000 kwa M-Pesa, mchango kama wajomba, jina langu likasomwa kwenye kundi la WhatsApp. Jioni nikampelekea karatasi ya bei kama ilivyo. Nilichotoa kama mtoto wa nyumbani kikaonekana, na kazi ikabaki kazi. Walichukua vituo vitatu. Mama mkubwa alininunia karibu miezi miwili, na hadi leo akiwa na wageni husimulia kuwa nina roho ya Kariakoo.

Jambo moja zaidi, hili lilinigharimu 150,000. Niliwahi kuacha salio lilipwe baada ya harusi. Mweka hazina akaniambia tuonane siku ya kuvunja kamati. Nikaenda. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, vinywaji, hotuba za kupongezana, na hakuna shilingi, maana iliyobaki ndiyo ilikuwa inachomwa pale jikoni. Mwenyekiti akanikaribisha, "Kaa, mpiga picha wetu, kula nyama." Nikala, nyama ilikuwa yangu. Siku hizi kianzio ni nusu siku ya kukubaliana, na salio linaingia kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Kamati ikishavunjwa hakuna wa kumdai, kila mtu amerudi kuwa jirani tu.

Komunyo, ubatizo na mahafali nimeviwekea bei kwa mtindo huohuo, havinisumbui. Msiba ndio haujaingia kwenye karatasi. Mara ya mwisho ilikuwa Mbagala, familia iliomba picha za ibada na mazishi. Mtoto wa marehemu akaniuliza ni shilingi ngapi, nami mwenye vituo vyangu vinne nikakosa cha kusema. Nikamwambia tutaongea baadaye. Picha nimeshatuma, na bado hatujaongea.